Namna ya Kuyasoma Macho Yenye Mapenzi Bila Kujidanganya

Mtu anayetaka kujua kama anapendwa huanza kwa kuyatazama macho ya mwenzake, na hapo hajakosea, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale yanayotendeka jichoni huendeshwa na mishipa ya fahamu isiyongoja amri ya mwenye jicho. Makosa huingia baadaye, pale msomaji wa macho anaposahau jua lililo juu ya kichwa chake, haya aliyolelewa nayo huyo anayetazamwa, na hamu yake mwenyewe ya kupata jibu analolitaka. Maelekezo haya nimeyaandika nikiwafikiria hasa watu wa Mtwara na Lindi, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu jambo hili yametokana na uchunguzi uliofanywa Ulaya na Marekani, kwa watu ambao wengi wao wana macho ya rangi nyepesi na ambao kwao kumtazama mtu usoni wakati wa mazungumzo ni adabu.

Lililo la kwanza kulielewa ni mboni, yaani ule uwazi mweusi ulio katikati ya jicho. Kwa mtu mzima, kwenye mwanga mkali mboni huwa na kipenyo cha milimita 2 hadi 4, na gizani hufika milimita 4 hadi 8. Kazi hiyo hufanywa na misuli miwili: mmoja huizunguka mboni na kuibana, na mwingine huivuta kuelekea pembeni ili ifunguke. Huo wa pili huamshwa na mishipa ileile inayoufanya moyo uende mbio na viganja vitoke jasho mtu anapopatwa na mshtuko, na ndiyo maana mtu akimwona ghafla anayempenda, mboni zake hupanuka kabla hajapata nafasi ya kujizuia. Mwaka 1960, Eckhard Hess na James Polt wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mboni hupanuka mtu anapotazama picha inayomvutia. Mwaka 1965 Hess akaeleza jaribio jingine, ambapo wanaume walionyeshwa picha mbili za mwanamke yuleyule, moja ikiwa imerekebishwa ili mboni zionekane kubwa zaidi. Mboni za wanaume hao zilipanuka zaidi kwa picha hiyo, ingawa wengi wao hawakutambua picha hizo zilitofautiana kwa lipi. Basi mboni iliyopanuka hutoa habari, na tena huvutia. Wanawake wa Italia ya zamani walilifahamu jambo hili kwa uzoefu, wakawa wanadondoshea machoni maji ya mmea wa beladona. Mmea huo ni sumu, na mnanaha unaoota ovyo kando ya nyumba na majalala una sumu ya jamii hiyohiyo, kwa hiyo mtu yeyote asithubutu kuuweka machoni kwa ajili ya urembo.

Pamoja na hayo yote, ningemshauri msomaji wa huku kwetu asianze na mboni. Macho ya wengi wetu yana rangi ya kahawia iliyokoza, na duara hilo lenye rangi hukaribiana mno na weusi wa mboni, hata mtu akikaa mkabala nawe kwenye benchi moja la mama lishe utauona weusi mmoja tu usio na mpaka. Kisha lipo jua. Mji wa Mtwara uko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na kwa sababu hiyo katikati ya Oktoba, na tena kuelekea mwisho wa Februari, jua la adhuhuri hupita karibu wima juu ya utosi. Saa sita mchana ufukweni Shangani, mboni ya kila mtu ni ndogo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Usiku kwenye ngoma au harusini, chini ya taa hafifu, mambo hugeuka, na mboni za wote hupanuka, zikiwamo za yule asiyekujali hata kidogo. Ukitaka kweli kuzitazama, ngoja saa kumi alasiri, mkae barazani au chini ya mwembe, mahali ambapo mwanga hautabadilika katikati ya mazungumzo na wewe mwenyewe humkingii mwanga huo. Usipime ukubwa wa mboni. Angalia kama inabadilika anapohama kutoka kuzungumza na mwingine na kukugeukia wewe. Hata hapo kumbuka kwamba hofu nayo huipanua mboni, hasira vilevile, na baadhi ya dawa za macho zinazotolewa hospitalini. Umri mkubwa huipunguza, na dawa za kulevya za jamii ya heroini huifanya iwe ndogo sana. Na mboni moja ikipanuka ghafla kuliko nyenzake, ikifuatana na kichwa kuuma sana au kope kulegea, hilo si suala la mapenzi kabisa, na mtu huyo apelekwe hospitali mara moja.

Mahali pazuri pa kuanzia ni kawaida ya mtu mwenyewe. Kabla hujatafsiri anavyokutazama wewe, mwangalie anavyowatazama wengine: wateja wake, jirani zake, wazee, wenzake wa rika moja. Kijana wa pwani yetu anapomwamkia mzazi shikamoo huteremsha macho, na binti aliyefundwa unyagoni hatarajiwi kumkodolea macho mwanamume mgeni. Wengi wetu pia ni Waislamu, nasi tumesikia tangu utotoni aya ya 30 na ya 31 za Sura An-Nur, zinazowaagiza Waumini wanaume, kisha Waumini wanawake, wayainamishe macho yao. Basi mtu akiyakwepesha macho yake unapomtazama, usiharakishe kusema amekuchukia, wala usiharakishe kusema amekupenda sana ndiyo maana anaona haya. Angalia kama kwa wengine macho yake hutulia. Binti anayewatazama wanaume wote wa dukani bila wasiwasi, akafika kwako akapoteza pa kuyaweka macho, amekupa habari. Yule anayeyainamisha mbele ya kila mwanamume amekuonyesha malezi yake tu.

Jambo linalofaa kufuatwa kwa makini kuliko yote ni kurudi kwa jicho. Fikiria msimu wa korosho, kwenye ghala la chama cha msingi, wakulima wako kwenye foleni na magunia yao. Karani aliyeketi kando ya mizani ana wajibu wa kuitazama mizani, kuandika kilo kwenye daftari, na kumtazama mwenye mzigo anapomtajia jina. Mtazamo huo ni wa kazi na haumaanishi kitu. Kijana amekwisha kupimiwa, amepokea karatasi yake, amesogea kivulini kuwangoja wenzake. Sasa karani hana sababu ya kumtazama tena. Akiinua uso akamtafuta pale kivulini, wakakutanisha macho, akarudi upesi kwenye daftari, na baada ya gunia moja au mawili akainua uso tena upande uleule, hapo pana jambo. Jicho lililorudi mahali ambapo kazi haikuliita limeongozwa na nia, na likirudi tena baada ya kufumaniwa, nia hiyo ina nguvu kuliko haya. Mara moja haitoshi, kwa maana huenda kijana amesimama karibu na mlango ambao karani anamngojea mtu mwingine. Kwa hiyo badilisha mahali uliposimama, kisha uone kama macho yatakufuata huko.

Urefu wa mtazamo nao una maana, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba, kwa wastani, watu huona raha kutazamwa machoni na mtu wasiyemfahamu kwa muda wa sekunde 3.3 hivi, ukipungua sana huonekana kama kukwepa, na ukizidi sana huanza kuwa tishio. Waliopimwa waliketi wakitazama video ya mtu, hawakuwa sokoni Mikindani mbele ya shangazi zao, kwa hiyo sishangai kwamba huku kwetu mtazamo wa sekunde moja unaweza kubeba uzito mkubwa.

Tazama pia macho yanatua wapi. Mwaka 2014 Stephanie Cacioppo na wenzake walifuatilia mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakitazama picha za wageni, wakaona kwamba mtu anapofikiria mapenzi ya moyoni macho yake hukaa zaidi usoni, na anapofikiria tamaa ya mwili macho huhamia mara nyingi kwenye mwili. Wanawake wanaouza samaki na wale wanaopanda kivuko cha Kitunda hawakuhitaji chombo cha kupimia ili walijue hilo. Napenda vijana wa kiume walichukue kwa uzito: macho yako yanaposhuka, anayetazamwa ameona, hata kama amenyamaza.

Kisha liko tabasamu. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba tabasamu la furaha ya kweli huhusisha msuli unaozunguka jicho, ambao yeye aliona mtu hawezi kuukaza kwa kukusudia jinsi anavyoweza kuvuta pembe za mdomo. Mtu anapofurahi kukuona, mashavu hunyanyuka, kope ya chini hujikunja kidogo, na mikunjo midogo hutokea pembeni mwa macho. Lakini angalia tena mwanga, kwa kuwa mtu anayekunja uso kwa jua la mchana au vumbi la barabara ya kwenda Msimbati hupata mikunjo hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mikunjo ya jua haiondoki unapomaliza kuzungumza.

Kurembua, kukonyeza na kutupa jicho la pembeni sitavichambua kwa kirefu, kwa kuwa vinafanywa kwa makusudi, na anayevifanya kwa makusudi anaweza kuvifanya kwa mzaha, kwa biashara au kwa mazoea.

Sasa kuhusu macho yako wewe. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani waliwaketisha wawili wawili watu wasiofahamiana, mwanamume na mwanamke, wakawaomba watazamane machoni kwa dakika mbili mfululizo, na waliofanya hivyo walieleza kuwa hisia zao kwa wenzao zimeongezeka kuliko wale waliotazama mikono ya wenzao. Maana yake ni kwamba macho huonyesha mapenzi na pia huyazalisha, na kwa sababu hiyo usimtazame hivyo mtu usiye na nia naye. Unapokuwa na nia, mtazame usoni anapozungumza, yaondoe macho kwa utulivu, kisha yarudishe. Akigeuza mwili wake wote, akaongeza hatua za kwenda, au akaanza kuwatafuta wenzake kwa macho, acha papo hapo. Mtu anayefuatwa na macho asiyoyataka kutoka stendi mpaka sokoni haoni mapenzi, anaona hatari.

Kwa waliokwisha kuoana ushauri ni mfupi. Zick Rubin wa Marekani alionyesha mwaka 1970 kwamba wapenzi waliopendana sana walitumia muda mwingi zaidi kutazamana kwa pamoja wakiwa wanangoja tu chumbani kuliko wale waliopendana kidogo. Baba anayerudi na kuletewa sahani ya ugali na mboga huku macho yake yako kwenye simu amemnyima mkewe kitu ambacho hakigharimu hata shilingi moja. Iwekeni simu kando wakati wa kula, na anayezungumza atazamwe.

Ugumu uliobaki uko kwa msomaji mwenyewe, kwa kuwa apendaye chongo huita kengeza, na mwenye hamu ya kupendwa huyaona mapenzi hata katika jicho lililoingiwa na mchanga. Mtafute mtu wa pili asiye na hamu hiyo: dada, binamu, somo wako, au rafiki wa siku nyingi anayethubutu kukuambia usiyoyapenda. Mwombe awepo siku ambayo mhusika atakuwepo, usimweleze unachotarajia, kisha muulize ameona nini. Akisema hakuona kitu, subiri siku nyingine kabla ya kubishana naye.

Ukiisha kuridhika na ulichokiona, uliza kwa kinywa. Chagua mahali penye watu lakini pasipo na wasikilizaji, useme kwa maneno machache unayoyamaanisha, na umwachie njia ya kuondoka. Hapo usirudi tena kuyachunguza macho yake, kwa sababu mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni hupanuka mtu anapokuwa na kazi ya kufikiri tu: waliwapa watu tarakimu za kukariri, mboni zikazidi kupanuka kwa kila tarakimu iliyoongezwa, zikarejea walipozitaja. Binti au kijana anayetafuta maneno ya kukukatalia kwa upole hufikiri kwa bidii kama yule anayetafuta maneno ya kukubali, na mboni zao hupanuka sawasawa. Tazama chini au tazama bahari, umngoje aseme, na akihitaji siku kadhaa ili azungumze na watu wake, mpe.