Jinsi ya Kumchagulia Beta Wenzake wa Tangi Moja Ukiwa Arusha

Beta dume, samaki mdogo wa mapambo anayefugwa tangini, anavutia mno kumtazama, lakini si rahisi kumpatia jirani. Asili yake ni maji yaliyotulia ya vinamasi na mashamba ya mpunga ya Thailand, ambako kwa vizazi vingi watu walimzalisha ili apiganishwe, na ukali huo umebaki katika damu yake hata anapokaa sebuleni Njiro. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza dukani kuna samaki gani. Anza na beta uliye naye, kisha maji yako, na dukani uende mwisho.

Hatua ya kwanza: mjue beta wako. Mwache akae peke yake kwa wiki mbili hivi, kisha usimamishe kioo kidogo cha mkononi nje ya tangi kwa muda usiozidi dakika moja. Karibu kila dume atatanua vifuniko vya matamvua na kuyafungua mapezi yote, na hilo ni jambo la kawaida. La kuangalia ni kitakachofuata baada ya kioo kuondolewa. Akitulia na kurudi kwenye shughuli zake, unaweza kujaribu kumpa wenzake. Akiendelea kuzungukazunguka akitafuta wa kumshambulia, mwache aishi peke yake, kwani hatakuwa mpweke.

Hatua ya pili: andaa tangi. Lita 20 zinamtosha beta mmoja, lakini akiwa na wenzake mimi sishuki chini ya lita 60, kwa sababu samaki anayefukuzwa lazima apate mahali pa kukimbilia. Panda mimea mingi, weka mapango madogo, na uchague chujio lenye mkondo hafifu. Beta huvuta pia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo acha nafasi kati ya maji na kifuniko. Tangi jipya liendeshwe wiki nne hadi sita kabla ya kuongeza samaki, mpaka vipimo vionyeshe kwamba hakuna tena amonia wala naitraiti, yaani sumu zinazotokana na uchafu unaooza majini.

Hatua ya tatu: pima maji na joto, na hapa sisi wa Arusha tunahitaji uangalifu zaidi. Mji wetu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku huwa na baridi kali, ilhali beta anahitaji nyuzi 25 hadi 27 mchana na usiku. Mwenzetu wa Moshi, aliye chini zaidi, ana nafuu, ingawa naye anahitaji hita. Kwa lita 60 katika chumba chenye baridi natumia hita ya wati 100, na umeme ukikatika nalifunika tangi lote kwa blanketi. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru mara nyingi yana floraidi nyingi na alkali, na amonia huwa na sumu zaidi katika maji yenye alkali. Pima pH (kiwango cha asidi au alkali) ya maji ya bomba au kisima chako kabla ya kununua samaki yeyote.

Hatua ya nne: chagua wanaokaa mbali na eneo lake. Beta hupenda sehemu ya juu, kwa hiyo jirani bora ni yule wa chini: asiye na mkia mrefu, asiye na rangi kali, asiyedonoa mapezi ya wenzake. Chaguo langu la kwanza ni koridora, kambare mdogo wa mapambo, hasa wa aina ya sterbai, kwa kuwa anavumilia joto kuliko koridora wengine. Wawe sita au zaidi, juu ya mchanga laini, kwani changarawe kali huumiza ndevu zao. Kundi la rasbora harlequin wanane hufaa kwa sehemu ya katikati. Konokono wa nerite hula mwani na hawazaliani katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Guppy mwenye mkia mpana usimthubutu. Niliwahi kuweka wanne jioni, na asubuhi mikia yao ilikuwa imechanikachanika kama pindo la kanga iliyozeeka, kwa sababu beta aliwaona kama madume wenzake. Waepuke pia gurami, ambao ni ndugu zake, na barbu wenye milia, ambao humdonoa yeye. Samaki wa dhahabu anataka maji ya ubaridi. Sikilidi wetu wa Ziwa Tanganyika, pamoja na uzuri wao wote, wanataka maji magumu yenye alkali nyingi na ni wagomvi. Perege mdogo aliyevuliwa mtoni Themi hukua haraka na huweza kuleta vimelea.

Hatua ya tano: watangulize wenzake, beta aje mwisho. Kila mgeni akae kwanza wiki tatu katika chombo cha pembeni, uone kama ana ugonjwa. Beta akiwa tayari ndani, mtoe, upange upya mimea na mawe ili asilitambue eneo lake la zamani, waingize wenzake, kisha umrudishe jioni taa ikiwa imezimwa.

Hatua ya sita: kaa nao. Kwa siku tatu za mwanzo natazama saa ya kulisha, kwani hapo ndipo ugomvi huanza. Kumtanulia mwenzake matamvua mara moja kisha kuondoka ni salamu tu. Kumfukuza mfululizo, mapezi kuchanika au samaki kujificha asile ni dalili ya kuwatenganisha siku hiyo hiyo. Chombo cha akiba chenye hita kiwe tayari kimejaa maji kabla hujamrudisha beta.