Kusoma kwa hadubini ubongo uliovuja damu: anzia pembeni mwa donge

Ukiletewa ubongo wa marehemu aliyevuja damu kichwani, usikimbilie katikati ya donge la damu. Pale utakuta chembe nyekundu tu. Hazikwambii damu ilivuja lini wala mshipa ulikuwa na ugonjwa gani.

Ubongo ukae wiki 2 hivi kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya bufa ya asilimia 10, ukining'inia kwa uzi uliopitishwa chini ya ateri ya basila, mshipa mkubwa ulio chini ya ubongo. Ukilala kwenye sakafu ya ndoo unabonyea. Ukiharakishwa, sehemu ya kati ya ubongo hubaki pinki na laini, na kisu huuburuta badala ya kuukata.

Kata vipande vya sentimita 1, kisha chukua sampuli mpakani: nusu donge, nusu tishu. Ongeza gamba (tabaka la juu la ubongo) la kisogoni likiwa na utando wake, viini vya ndani vya upande usiovuja, hipokampasi (sehemu ya kumbukumbu) na serebela (ubongo mdogo wa nyuma). Upande usiovuja usiuache kamwe. Mishipa yake haijavurugwa na damu, kwa hiyo ndiyo inayoonyesha ugonjwa wenyewe. Kuta za mishipa midogo ya ndani zikiwa nene na zenye kung'aa kama kioo, fikiria shinikizo la damu. Mishipa ya gamba na utando ikinasa rangi ya Kongo nyekundu na kung'aa kijani kwenye mwanga uliopolaraizwa, hiyo ni amiloidi, protini isiyo ya kawaida iliyojikusanya kwenye kuta za mishipa. Kwa rangi hii kata vipande vyembamba vya maikromita 8 hadi 10. Vile vya maikromita 5 vinavyotumika kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini hunasa Kongo nyekundu kidogo mno.

Umri wa kidonda ni makadirio: neuroni (chembe za neva) nyekundu zilizosinyaa baada ya saa 12 hadi 24, nyutrofili (chembe nyeupe za damu) siku 1 hadi 3, kisha makrofaji (chembe zinazokula mabaki), na hemosiderini (rangi ya kahawia yenye chuma itokanayo na damu) kuanzia siku ya 3 au ya 4.

Hapo kwenye hemosiderini ndipo wengi hukosea. Formalini iliyogeuka asidi huacha vumbi la kahawia-nyeusi linalofanana nayo. Tumia rangi ya Perls: potasiamu ferosianidi asilimia 2 na asidi ya hidrokloriki asilimia 2, sawa kwa sawa, vichanganywe papo hapo kabla ya kutumia, kisha slaidi zikae humo dakika 20. Hemosiderini hugeuka bluu, vumbi halibadiliki. Tumia maji yaliyotoneshwa na koleo za plastiki, kwani chuma cha bombani au cha koleo huleta bluu ya uongo. Kila mara pitisha pamoja slaidi yenye chuma cha uhakika. Isipogeuka bluu, tupa mchanganyiko na urudie slaidi zote.