Haibridi kwenye tope na utelezi: jinsi ya kupita bila kukwama

Watu wengi wakinunua haibridi, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, swali ni wese tu, inakula kiasi gani, basi. Tope linakumbukwa siku mvua imepiga, barabara ya udongo, unakanyaga mafuta na gari halina habari na wewe. Usianze kutafuta fundi, gari ni zima kabisa, kompyuta ndo imekata nguvu makusudi.

Iko hivi. Mota ya umeme haisubiri mzunguko upande kama injini, inatoa nguvu kubwa gari likiwa bado limesimama, kwenye lami ni raha ila kwenye tope tairi linazunguka bure palepale. Sasa tairi likizunguka bure kwa kasi halafu ghafla lipate pa kushika, mshtuko wote unarudi kwenye gia na mota, kwa hiyo trakisheni kontroli, mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, inawahi kukata nguvu kabla hujafika huko. Toyota Prius za zamani, ile toleo la pili hasa, zilikuwa na wivu mno na hilo jambo, tairi likiteleza kidogo tu zinakunyima nguvu.

Kwa hiyo ukifika penye utelezi zima Power mode, weka Eco, maana Eco inalegeza pedeli na mguu wako hata ukiteleza gari halirukii. Achia breki, acha litambae lenyewe kwenye D, halafu ongeza mafuta kidogo kidogo huku usukani umenyooka. Usisimame katikati ya tope. Ukiona taa ya gari linaloserereka inawakawaka kwenye dashibodi punguza mafuta, usiongeze, na hapa ndo wengi wanachemka wanakandamiza mpaka mwisho wakidhani gari limechoka.

Ukikwama kweli, bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari linaloserereka na OFF, kinazima trakisheni kontroli, ili tairi liruhusiwe kuzunguka kidogo na kujisafisha tope. Ukitoka tu, iwashe tena, usije ukaenda barabarani ikiwa imezimwa. Na usikae hapo unazungusha tairi mfululizo, mota na inveta, kile kifaa kinachoipa mota umeme wa betri, vinachemka, gari litakuandikia onyo na litapunguza nguvu lenyewe. Zima gari, shuka, chimbua mbele ya matairi, weka mawe au matawi.

Halafu kuna suala la rivasi ambalo madereva wengi hawaambiwi. Haibridi nyingi za Toyota hazina gia ya rivasi kabisa, kurudi nyuma ni mota inazungushwa kinyume, na injini ikiwaka ili kuchaji betri inapunguza ile nguvu badala ya kuiongeza. Kwa hiyo ukishuka kwenye mteremko wa tope ukitegemea kurudi nyuma kinyumenyume huku betri iko chini, umejitega mwenyewe. Na usikae muda mrefu kwenye N, hapo betri ya haibridi haichaji.

Breki nazo zina kituko chake. Ukibonyeza taratibu kwenye changarawe, mota ndo inashika gari huku inachaji betri, sasa tairi likipita kwenye shimo likateleza kompyuta inaacha kuchaji na kuhamia breki za kawaida, kwa muda mfupi sana unahisi kama gari limechomoka mbele. Usiachie pedeli! Shikilia, na acha nafasi kubwa na gari la mbele. Kwenye mteremko mrefu weka gia kwenye B, ile ya injini kusaidia kushika gari, kabla hujaanza kushuka, sio ukiwa tayari unaserereka.

Wenye E-Four, zile haibridi za Toyota zinazovuta matairi yote manne, msijidanganye. Hakuna propela shafti kwenda nyuma, kuna mota tu ya peke yake, na ukubwa wake unatofautiana sana, Prius ya toleo la nne ina kilowati 5.3 na inasaidia mpaka kilomita 70 kwa saa basi, wakati RAV4 ya 2019 ina kilowati 40. Inakutoa kwenye utelezi, ila sio gari la kuingia porini.

Matairi yanayokuja na haibridi nyingi ni ya kubana mafuta, kwenye tope hayashiki vizuri, mimi ningebadilisha hayo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Ukiita gari la kuvuta, waambie ni haibridi. Matairi ya mbele yasiburuzwe chini, yakizunguka yanazungusha mota na inazalisha umeme, na E-Four inabebwa matairi yote manne juu. Kuchomolewa kwenye tope mita chache, polepole, kwa kamba iliyofungwa kwenye ndoano ya mbele, hakuna shida.

Na kama barabara yako ni ya vumbi, angalia tundu la hewa ya betri pembeni ya siti ya nyuma, Prius na nyingine nyingi wanaliweka hapo. Safisha chujio lake, na usilizibe kwa mizigo.