Karatasi kando ya kibodi

Nimejaribu hili wiki 3 sasa ofisini, hapa Upper Hill: weka karatasi kando ya kibodi. Kila ukitamani kugugo kitu katikati ya kazi (bei ya tairi, Gor walitoka ngapi ngapi, kama stima zitapotea Rongai jioni), usikitafute. Kiandike, endelea. Saa sita na nusu, kabla ya kwenda kibandani, vitafute vyote kwa mpigo. Karatasi yangu ya jana ilikuwa na vitu 11; saba nilivikata tu, hamu ilishaisha. Akili haihami kazi mara moja: mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba ukirukia jambo jingine, sehemu ya mawazo hubaki kwenye lile uliloacha. Ukishaandika, hauruki. Haikufai kama kazi yako ni kujibu wateja papo hapo, wala simu ikiwa mezani na magrupu ya WhatsApp yanalia; hiyo itie kwenye droo kwanza. Na iwe karatasi kweli. Nilianza na noti za simu, dakika mbili baadaye niko TikTok.