Kufunga kibaraza cha turubai kwenye trela la kukunja

Wadau wa kukambi huku Arusha, kama umepata lile trela linalokunjuka likawa hema, kibaraza chake kisikutishe ila kina utaratibu, ukiuruka utafunga na kufungua mpaka giza likukute. Mara ya kwanza kajaribie uani kwako, iwe Njiro au Sakina, sio Tarangire jioni watoto wanalia njaa.

Anza na trela lenyewe. Likae levo, matairi yawekewe mawe, jeki za kona zishuke zote, maana likiinama kidogo tu kibaraza kinavuta upande afu unalaumu turubai bure. Cheki na upepo, mlango mkubwa usiangalie unakotokea.

Ule ukingo mnene wa turubai unaingia kwenye mfereji wa reli pembeni ya trela, muwe wawili, mmoja anaingiza mwingine anavuta taratibu. Ikigoma usilazimishe, itachanika. Futa vumbi na upake mshumaa humo kwenye reli, inateleza yenyewe. Nguzo ya katikati kwanza, zinafuata za kona, na usizikaze bado, ziache zilegee legee.

Sasa kabla hujapiga hata pegi moja FUNGA ZIPU ZOTE. Hapa ndo wengi wanachemka, wanapigilia milango ikiwa wazi, turubai linatanuka, usiku wako Ngorongoro kule ukingoni, mita kama 2,300 na baridi ile mnaijua, zipu hazikutani tena. Pegi zianzie kona zilizogusana na trela, uje za mbele, umalizie za katikati, hapo ndo unainua nguzo mpaka mikunjo iishe.

Pegi zinazokuja nazo mara nyingi ni vijiti, ardhi ya kiangazi inazipinda. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie nondo ya milimita 12, urefu nusu mita, akunje kichwa, umemaliza. Zipigwe kwa kulala, kichwa kiegemee mbali na hema, na kamba ifuate mstari wa mshono. Masika udongo ukilowa unakuwa kama uji, kila kamba ya kona iongezee pegi ya pili.

Mvua ikianza kunukia shusha nguzo ya kona moja maji yapate njia, la sivyo yanatuama juu na nguzo inakunjika. Turubai la pamba likiwa jipya limwagie maji nyumbani uliache likauke, nyuzi zinavimba zinaziba matundu ya sindano. Na jiko la mkaa humo ndani hapana jamani, hata kama nje kunanyesha, ile gesi yake haina harufu na inaua.

Kufungua ni kurudi nyuma hatua kwa hatua, pegi za katikati na za mbele zinatoka kwanza, reli mwisho. Kama mmelikunja likiwa bichi, mkifika tu lianikeni siku hiyo hiyo, ukungu ukishaingia kwenye turubai la pamba hautoki.