Mahindi na kisima: kujiandaa kwa ukame pembeni mwa Lubumbashi

Kiangazi cha Mei hadi Oktoba kinarudi kila mwaka, na wakati huo mahindi hayako shambani. Ukame unaoleta njaa ni mvua kukatika wiki mbili au tatu mwezi wa Januari au Februari, mahindi yakichanua. Mbegu iliyopandwa Novemba 20 huchanua baada ya siku 60 hadi 65 hivi, yaani karibu na Januari 20. Udongo ukiwa mkavu siku hizo, ndevu za gunzi huchelewa kutoka, na mbelewele, yaani maua ya dume juu ya bua, humaliza kumwaga chavua kabla ndevu hazijatoka. Kwa macho shamba bado ni la kijani, lakini ukimenya gunzi unakuta mapengo. Mvua ya baadaye haiyajazi.

Wala usitegemee kununua unga wa ng'ambo ya mpaka. Ukame wa El Niño ulipoikumba Zambia hadi serikali yake ikatangaza janga la taifa Februari 2024, sisi tunaokula bukari, yaani ugali, ya unga unaopita Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, tuliguswa pia.

Kazi inaanza Julai, si Novemba. Usichome mabua, yalaze katikati ya mistari yafunike udongo. Chimba mashimo ya kupandia: urefu sentimita 30, upana 15, kina 20. Kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya jingine acha sentimita 70, na kati ya mistari sentimita 90. Hektari moja inabeba mashimo karibu 15,800, kwa hiyo gawa kazi hadi Septemba. Kina hicho usikipunguze: jembe likipita kila mwaka palepale juu, chini yake panakuwa pagumu, maji hayashuki na mizizi haishuki. Tia viganja viwili vya samadi iliyooza vizuri. Kama kuna kichuguu karibu, changanya na udongo wake uliopondwa. Udongo huo ni wa mfinyanzi, unashika maji kuliko udongo wetu mwekundu. Ila bondeni panapotuama maji usichimbe mashimo haya, mizizi itaoza.

Mvua ya kwanza hudanganya. Chimba kidogo: unyevu ukiwa haujafika sentimita 15, subiri. Ukifika, panda mbegu 4 kwa shimo, kisha uache miche 3. Chukua mbegu inayokomaa mapema, na ugawe shamba: nusu sasa, nusu siku kumi baadaye, ili mahindi yote yasichanue wiki moja. Palilia mapema, kwa sababu magugu yanakunywa maji yaleyale. Mbolea ya urea usiitupe juu ya udongo mkavu. Ngoja mvua inyeshe, uifukie.

Majani yakijikunja saa sita mchana na kufunguka jioni, mmea unajilinda. Yakiamka asubuhi bado yamejikunja, kiu imefika kwenye mizizi. Kama una maji kidogo ya kumwagilia, yapeleke kwanza kwenye mistari inayochanua.

Kwa lengalenga (mchicha) na mboga nyingine za kiangazi, hesabu lita 5 kwa mita moja ya mraba kila siku mwezi wa Septemba na Oktoba. Tuta la mita 10 za mraba linataka lita 50, bidoni mbili na nusu za lita 20. Mwagilia alfajiri na ufunike kwa nyasi kavu.

Maji hayo hutoka kisimani, na kisima hushuka zaidi mwisho wa kiangazi. Pima kila wiki kwa kamba yenye jiwe, uandike. Kukiongeza kina, fanya Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Kisima kilichochimbwa Machi kitakauka tena. Mashine ya petroli ya kuvuta maji isiteremshwe ndani kamwe: moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoua mchimbaji kabla hajapiga kelele. Choo kiwe umbali wa mita 30 angalau, na maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi.