Ukipoteza hesabu ya sado, jaribu kokoto

Juzi hapa Kibirizi, Kigoma, nampimia mteja dagaa kwa sado, kile kindoo cha kupimia. Nimefika sado ya saba, mara namuwaza fundi wa paa la nyumbani Ujiji na hela yangu aliyoondoka nayo. Kurudi, sijui ni saba au nane. Mama wa watu ananitazama tu.

Zamani ningejiita mzembe. Ila Kalina Christoff, mtafiti wa ubongo huko Kanada, mwaka 2009 yeye na wenzake waliwapiga watu picha za ubongo wakiwa kwenye kazi nyepesi ya kuchosha, huku wakiwauliza ghafla mawazo yao yako wapi. Kwa waliokuwa wamehama kimawazo, mtandao wa ubongo ambao huwa hai tukiwa tumetulia ulikuwa unachemka, na ule wa kupanga na kuamua nao vilevile. Tena zaidi pale mtu alipokuwa hajui kabisa kwamba amehama.

Ndiyo maana kujiambia "kuwa makini" hakusaidii. Weka kitu cha kukushtua. Mimi kila sado moja nadondosha kokoto kwenye kopo la bati: ko! Kuhesabu kwa sauti nako nilijaribu, lakini mdomo ukishazoea unahesabu wenyewe, kichwa kiko Bujumbura.

Wakati wa kuanika sihangaiki na kokoto, naiacha akili izurure. Jana, mikono ikiwa kwenye dagaa, ndipo nilipokumbuka nani bado ana gunia langu.